Mtakatifu Isidori, Msimamizi wa Wakulima

Katika karne ya 11, huko Madrid katika nchi ya Hispania, alizaliwa mtu maskini, jina lake Isidori. Hakuwa na shamba lake mwenyewe. Alilima kwa plau na maksai katika shamba la tajiri, Juan de Vargas. Mkewe Maria naye alikuwa mcha Mungu.

Kila alfajiri Isidori alihudhuria Misa, ndipo akaenda kazini. Wenzake wakamshitaki kwa bwana wao ya kuwa huchelewa. Angaliweza kufukuzwa, akakosa chakula. Wasimulizi wa kale husema kwamba bwana alipokwenda kumvizia, aliona malaika wakilima kando yake, na kazi haikupungua hata kidogo.

Alikufa katika karne ya 12. Mwaka 1622 Papa Gregori XV alimtangaza kuwa Mtakatifu. Sikukuu yake ni tarehe 15 Mei.

Enyi wakatekumeni mnaokama ng'ombe katika vilima vya Masisi, nanyi mnaolima kandokando ya msitu wa Walikale, mfuateni. Mpeni Mungu saa yake, kisha fanyeni kazi kwa uaminifu, mtu asione neno la kuwashitaki.