BENEDICTO KIWANUKA, MWAMUZI ALIYEKATAA KUPINDA SHERIA



Sisi wa Ndosho tunajua Uganda kwa vitu tu: sabuni, mafuta, makaye yenye kutoka Kampala. Lakini kule kulikuwa mutu mumoja ambaye inafaa tujue maisha yake. Jina lake Benedicto Kiwanuka. Alikuwa mwanasiasa, halafu mwamuzi, na kazi ya uamuzi njo ilimutoa roho.

Alizaliwa tarehe 8 mwezi wa tano 1922, upande wa Masaka, mu Buganda. Wakati wa Vita ya Pili ya Dunia aliingia mu jeshi la Waingereza, akafika Kenya, Misri na Palestina. Aliporudi alipata kazi ya kutafsiri ku tribinali kubwa ya Kampala. Pale alikuwa anageuza maneno ya watu wengine tu. Hakutosheka. Mu 1950 akaenda kusoma Basutoland (leo ni Lesotho), kisha akasomea sheria London. Alipokuwa avoka mu 1956 alikuwa amepita miaka 30. Wewe unayesema umechelewa masomo, fikiri hapo.

Mu 1958 akawa mukubwa wa chama cha DP. Chama hiki kilikuwa na Wakatoliki wengi, naye alikuwa mumoja wao. Waprotestanti wengi walikuwa upande mwingine. Mu mwezi wa tatu 1961 kulikuwa uchaguzi. Serikali ya Kabaka, mufalme wa Buganda, ilitaka watu wake wasipige kura. Kiwanuka, yeye mwenyewe Muganda, hakukubali. Chama chake kikapata viti vingi, hata kama UPC ya Milton Obote ilimupita kwa hesabu ya kura. Akaongoza serikali, na tarehe 1 mwezi wa tatu 1962 akawa waziri wa kwanza. Lakini wakubwa wa Buganda hawakumusamehe. Chama chao kikaungana na UPC, na mu mwezi wa ine DP ikaanguka. Siku ya uhuru, tarehe 9 mwezi wa kumi 1962, Obote njo alikuwa mbele.

Mu 1969 Obote akamutia Kiwanuka gerezani bila kesi. Mu mwezi wa kwanza 1971 Idi Amin, mukubwa wa jeshi, akamuangusha Obote, akafungua wafungwa, na Kiwanuka akatoka. Mwaka ule ule Amin akamuweka kuwa mwamuzi mukubwa wa inchi yote. Kabla yake hakuna Muganda wala mwana-Uganda mwingine aliyepata kiti hicho.

Basi sasa muone pale alipokuwa. Mutu aliyemufungulia gereza na kumupa cheo, ni huyo huyo ambaye askari wake walikuwa wanakamata watu ovyo. Wengi wangenyamaza, eti ni shukrani. Mu mwezi wa kenda 1972 kesi ya Daniel Stewart, mufanya biashara wa Uingereza, ikafika mbele yake. Askari walikuwa wamemufunga. Kiwanuka akaamuru afunguliwe, akaonyesha kwamba jeshi halina ruhusa ya kukamata mutu namna ile. Wakati ule Uganda yote ilikuwa na woga: Wahindi walikuwa wanafukuzwa, na watu wa Obote walikuwa wameingia na silaha kutoka Tanzania.

Tarehe 21 mwezi wa kenda 1972, watu wa Amin wakamukamata ndani ya tribinali yenyewe, mu muji wa Kampala, mchana. Hakuonekana tena. Alikuwa na miaka 50. Familia yake haikupata hata mwili wa kuzika. Amin alifukuzwa mu 1979. Lakini leo waamuzi wa Uganda wanakusanyika kila mwaka kumukumbuka Kiwanuka.

Wandugu, mimi ninaandika hivi juu mimi pia nilipewa cheo, na kalamu ya kuandika majina ya wakosaji. Ni kitu kidogo tu. Lakini siku moja yule aliyekupa cheo anaweza kutaka uandike jina la asiyekosa. Siku ile ukumbuke Kiwanuka: mutu akikutendea mema, umushukuru, lakini usimulipe kwa haki ya mutu mwingine.