Elias Lönnrot, daktari wa Kajaani

Nilifika Kajaani, kaskazini mwa Ufini, mwezi wa Februari. Theluji ilinifika magotini, na kimya kilikuwa kikubwa hata nikasikia pumzi zangu mwenyewe. Nilimfuata mtu aliyefariki mwaka 1884: Elias Lönnrot.

Alizaliwa mwaka 1802 huko Sammatti, mtoto wa fundi maskini wa kushona nguo. Masomo yake yalikatika kwa kukosa pesa. Alifanya kazi katika duka la dawa, kisha akasomea udaktari. Wakati huo nchi ilitawaliwa na Urusi, lakini shuleni na ofisini Kiswidi ndicho kilichotumika. Kifini kilikuwa lugha ya wakulima.

Mwaka 1833 akawa daktari wa Kajaani, wakati wa njaa na maradhi. Yeye mwenyewe aliugua homa kali, akapona. Kila alipopata ruhusa alisafiri hadi vijiji vya Karelia, kwa miguu, kwa mtumbwi, na wakati wa baridi kwa mbao za kutelezea juu ya theluji. Alitafuta wazee wenye nyimbo. Mwaka 1834, huko Latvajärvi, mkulima Arhippa Perttunen alimwimbia siku mbili na zaidi, naye akiandika.

Kutokana na nyimbo hizo alitoa Kalevala mwaka 1835. Toleo la 1849 lina tenzi 50 na mistari 22,795. Lakini Lönnrot hakunakili tu. Alichagua, akapanga, akaunganisha, na mistari michache akaitunga mwenyewe. Ndiyo maana wasomi wanaulizana hata leo: je, hii ni sauti ya wanakijiji au ya daktari?

Baadaye, mwaka 1853, alipewa kiti cha profesa wa Kifini huko Helsinki. Kamusi yake ya Kifini na Kiswidi, yenye maneno zaidi ya 200,000, ilikamilika mwaka 1880.

Katika baridi ile nilimkumbuka bibi yangu. Aliniimbia utoto wangu wote, nami, mwanafunzi wa lugha, niliandika wimbo mmoja tu, tena nikausahihisha Kiswahili chake ili umpendeze mwalimu. Sasa bibi hayupo, na maneno yake halisi siyakumbuki. Shangazi bado anaimba. Likizo hii nitakwenda kwake na daftari, na nitaandika kama anavyotamka. Wenzangu wa kitivo, nanyi mnaye nani?