Herbert Chapman: Mtoto wa mchimba makaa aliyeifanya Arsenal kuwa biashara kubwa

Kama wewe ni shabiki wa Arsenal, huenda unajua kuna stesheni ya treni London yenye jina la klabu yako. Jina hilo halikuja kwa bahati. Lilipiganiwa na jamaa mmoja, Herbert Chapman.

Alizaliwa Januari 19, 1878 katika kijiji cha Kiveton Park, karibu na Sheffield, Uingereza. Babake alichimba makaa ya mawe. Chapman alisomea uhandisi wa migodi huku akisakata soka. Uwanjani hakuwa staa. Kipaji chake kilionekana alipokuwa meneja.

Lakini nusura kazi hiyo imponyoke. Mwaka 1919 klabu yake, Leeds City, ilifukuzwa ligini kwa tuhuma za kulipa wachezaji kisiri wakati wa vita, na ikakataa kutoa vitabu vya hesabu. Chapman naye akapigwa marufuku. Alikata rufaa kwamba wakati huo alikuwa akifanya kazi katika kiwanda cha silaha, na 1921 akaruhusiwa kurudi. Akiwa na Huddersfield Town alishinda Kombe la FA 1922, kisha ligi 1924 na 1925.

Arsenal nao walikuwa wamenusurika kushuka daraja. Mwenyekiti Henry Norris alitangaza nafasi ya meneja gazetini, akionya kwamba hataki mtu wa kumwaga hela sokoni. Chapman akapata kazi, na hela zikatoka!

Hata hivyo, hazikutoka ovyo. Straika Charlie Buchan wa Sunderland alikuwa na miaka 33. Arsenal walilipa pauni 2,000 kwanza, kisha pauni 100 kwa kila bao la msimu wa kwanza. Alifunga 21, kwa hivyo bei ikafika pauni 4,100. Nyongeza hiyo ilitegemea mabao tu, si sifa. Mwaka 1928 Chapman alimtoa David Jack Bolton kwa pauni 10,890, rekodi ya wakati huo. Miaka miwili baadaye Arsenal walibeba Kombe la FA, kisha ligi 1931 na 1933.

Enzi hizo hakukuwa na pesa za runinga. Klabu iliishi kwa kiingilio cha langoni, kwa hivyo Chapman alihakikisha watu wanaijua Arsenal na wanafika kwa urahisi. Mwaka 1932 aliwashawishi wakuu wa treni za chini ya ardhi wabadilishe jina la stesheni ya Gillespie Road liwe Arsenal. Tikiti na ramani zote zikabadilishwa, na klabu ikatangazwa kila siku. Alitaka pia mechi za usiku chini ya mataa. Wakubwa wa soka walikataa hadi miaka ya 1950.

Hakuyaona hayo. Mapema Januari 1934, akiwa na mafua, alienda kutazama timu ya tatu ya Arsenal ikicheza. Homa ya mapafu ikamuua Januari 6, akiwa na miaka 55. Arsenal walishinda ligi msimu huo na uliofuata.

Kwa kijana anayeendesha timu ya mtaani, somo ni hili: weka hesabu zako wazi, na kabla ya kutoa shilingi, jua itarudi kwa njia gani.