Mwadhama kutoka Rutabo

Katika barabara ya Kyela kwenda Matema, Ipinda ni mahali pa kusimama. Mchele na kakao hupakiwa hapo, abiria hushuka na kupanda, na Jumapili asubuhi waumini wa makanisa mbalimbali hupishana njiani, kila kundi likienda kwenye kengele yake. Huku mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, Wamoravian na Walutheri walitutangulia. Wamisionari wao waliingia Unyakyusa mwaka 1891. Kanisa letu lilikuja kuundiwa mamlaka yake Tukuyu mwaka 1932. Kwa hiyo kijana Mkatoliki wa Ipinda hana budi kuishi na majirani wanaoijua Biblia vizuri, na haichukui muda kabla mmoja wao hajamfungulia sura ya 23 ya Mathayo na kumwuliza: ikiwa Bwana alikataza kumwita mtu baba hapa duniani, mbona ninyi mna Padre, mna Mhashamu Askofu, tena mna Mwadhama Kardinali?

Swali ni la haki. Wengi wetu hulijibu vibaya. Hukasirika, au humkumbusha jirani kwamba hata kwao askofu huitwa Baba Askofu. Kurudishiana hivyo si jibu. Sisi tumeona ni afadhali tutazame maisha ya mtu mmoja aliyebeba jina kubwa kuliko yote yaliyowahi kubebwa na Mwafrika katika Kanisa la zama zetu, tuone jina hilo lilifanya nini.

Laurean Rugambwa alizaliwa tarehe 12 Julai 1912 huko Bukongo, Uhaya, katika familia yenye hadhi. Baba yake alikuwa Domitian Rushubirwa, mama yake Asteria Mukaboshezi. Alibatizwa pamoja na wazazi wake siku ya Mtakatifu Yosefu, tarehe 19 Machi 1921, akiwa na miaka minane. Tunapenda jambo hilo: baba, mama na mtoto waliinamisha vichwa siku moja. Aliyekuwa baba nyumbani akawa ndugu wa mwanawe katika Kristo, wala hakuacha kuwa baba.

Alisoma Seminari Kuu ya Katigondo, Uganda, karibu na Masaka. Akiwa bado frateri, mwaka 1939, Joseph Kiwanuka aliwekwa kuwa askofu wa Masaka. Kwa waseminari weusi wa kizazi kile, neno askofu lilikuwa na maana ya mzungu mwenye ndevu. Tangu mwaka ule maana hiyo ilianza kubomoka. Rugambwa alipadirishwa tarehe 12 Desemba 1943, akafanya utume nyumbani, kisha akapelekwa Roma, alikopata udaktari wa sheria za Kanisa. Desemba 1951 aliteuliwa kuiongoza Vikarieti mpya ya Kagera ya Chini, na tarehe 10 Februari 1952 akawekwa wakfu. Alikuwa Mtanganyika wa kwanza kuwa askofu. Mwaka uliofuata vikarieti yake ikawa Jimbo la Rutabo.

Ndipo tunafika tarehe 28 Machi 1960, siku Papa Yohane XXIII alipomfanya kardinali. Katika kundi hilohilo walikuwamo Peter Doi wa Japani na Rufino Santos wa Ufilipino, nao wa kwanza katika nchi zao. Rugambwa alikuwa Mwafrika wa kwanza wa nyakati hizi kupewa kofia nyekundu. Tangu siku hiyo akaitwa Mwadhama.

Hapa inafaa tukawie kidogo, maana ni rahisi kuyadharau majina kama haya pale mtu asipojua yamesikika masikioni mwa nani. Mwaka 1960 Tanganyika ilikuwa bado chini ya Mwingereza. Uhuru ulikuja Desemba 1961. Katika nyumba za wazungu, mwanamume mwenye mvi na wajukuu, aliyepika na kufua, aliitwa boi. Watu walioitwa boi walisikia redioni na kanisani kwamba mtoto wa Bukongo anaitwa Mwadhama, na kwamba anaitwa hivyo hata na wazungu, kwa sababu taratibu za Kanisa zinawataka. Hatuamini kwamba Bwana Yesu, aliyewainua waliokuwa wameinama, angeona ubaya katika hilo. Heshima ile ilivikwa mtu mmoja, ikawafunika wengi.

Lakini tuwe wakweli kuhusu chanzo chake. Mwadhama linatokana na adhama, yaani ukuu. Mhashamu ni ndugu wa neno heshima, yote mawili ya mzizi mmoja wa Kiarabu. Mitume hawakuyajua. Makardinali walipewa jina lao hilo la ukuu na Papa Urbano VIII mwaka 1630, wakati ambapo kila mkuu wa Ulaya alitaka kuitwa kwa jina la juu kuliko la jirani yake. Majina ya asili ya daraja zetu ni ya kazi. Askofu ni mwangalizi. Shemasi ni mtumishi. Kardinali limetoka katika neno la Kilatini la bawaba, kile chuma kinachoshikilia mlango, na hakuna anayekwenda kukisujudia. Ninyi waseminari mnaitwa mafrateri, yaani ndugu. Kwa hiyo mmeanza na jina ambalo Bwana mwenyewe, katika sura ileile ya Mathayo, aliwapa wanafunzi wake. Wengine miongoni mwenu mna haraka ya kulivua.

Na Padre? Hilo ni baba tu, kwa lugha nyingine. Jirani wa Ipinda anapolipinga, tumkumbushe kwa upole kijiji chake. Mnyakyusa humwita tata aliyemzaa, na humwita tata ndugu wa baba yake, na rika la baba yake. Hakuna aliyewahi kudhani kwamba kwa kufanya hivyo amemnyang'anya mzazi wake ubaba. Mtume Paulo naye aliwaambia Wakorinto kwamba amekuwa baba yao kwa njia ya Injili. Jina la aina hii humfunga anayeitwa: ukiitwa baba usiku wa manane, huna budi kuamka. Bwana aliwakemea watu waliopenda viti vya mbele na kusalimiwa sokoni. Alikemea njaa ya heshima. Njaa hiyo, tukubali, inaweza kukaa ndani ya jina lolote, hata ndani ya Mchungaji, hata ndani ya Ndugu.

Turudi kwa Rugambwa, maana sehemu ya maisha yake inayotufundisha zaidi haizungumzwi sana. Alipopewa ukardinali alikuwa askofu wa Rutabo, jimbo la vijijini, migombani. Miezi mitatu baadaye, Juni 1960, akawa Askofu wa Bukoba. Hakuwa askofu mkuu. Jimbo lake lilikuwa chini ya Jimbo Kuu la Tabora, ambako mwezi huohuo wa Juni aliteuliwa Marko Mihayo, asiyekuwa kardinali. Kwa zaidi ya miaka minane, mwenye jina kubwa la Mwadhama alikuwa, kwa mpangilio wa majimbo, mdogo wa mtu aliyeitwa kwa jina la chini kuliko lake. Parokia zilitembelewa, watoto walipewa kipaimara. Alikwenda Roma kwa vikao vya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, akapiga kura ya kumchagua Paulo VI mwaka 1963, akarudi Bukoba.

Mtaguso ulipokuwa karibu kufungwa, Novemba 1965, maaskofu wapatao 40 walikusanyika katika makaburi ya kale ya Domitila huko Roma, wakaahidi pamoja na mambo mengine kukataa kuitwa kwa majina ya ukuu, na kuridhika na Padre. Papa Paulo VI naye alianza kupunguza mapambo. Mwaka 1969 ile kofia kubwa nyekundu yenye vishada, iliyokuwa alama ya makardinali, ilifutwa.

Wakati huo Rugambwa alikuwa Dar es Salaam, alikohamishiwa kuwa Askofu Mkuu tarehe 19 Desemba 1968. Fikirieni mji ule. Azimio la Arusha lilikuwa na mwaka mmoja na miezi kadhaa. Waziri aliitwa Ndugu, dereva wake Ndugu. Mwaka 1969 shule za makanisa zilitaifishwa. Mwaka 1971 Mwongozo wa TANU ukawakemea viongozi wenye kiburi na majivuno. Katikati ya mji huo aliishi Mwadhama. Neno lilelile ambalo mwaka 1960 lilimwinua Mwafrika mbele ya mkoloni, sasa lilisikika kati ya Waafrika kwa Waafrika, na hapo lina uzito mwingine. Linaweza kumweka mtu mbali na watu wake. Kwa maoni yetu, jina la heshima likishamaliza kazi yake halina haja ya kung'ang'aniwa. Hatungesikitika kama Mwadhama na Mhashamu yangebaki kwenye barua na mialiko, na mdomoni tukasema Baba Askofu. Papa Fransisko alikwisha kuonyesha njia mwaka 2014, alipoagiza kwamba mapadre wa majimbo wasipewe tena jina la Monsinyori kabla ya kutimiza miaka 65.

Tumewahi kukaa katika sherehe moja ya upadirisho ambapo kuwataja wageni kwa majina yao yote kulichukua muda mrefu kuliko mahubiri. Bibi mmoja alipoleta kapu lake la mchele alisahau yote aliyofundishwa, akasema tu, ndaga tata. Hakuna aliyeudhika, na padre yule alionekana kufurahi.

Rugambwa alimpokea Papa Yohane Paulo II nchini Septemba 1990. Tarehe 22 Julai 1992, siku kumi baada ya kutimiza miaka 80, alistaafu, na Polycarp Pengo akashika uongozi wa jimbo. Wazee wa Unyakyusa wangelielewa hilo. Walikuwa na ubusoka, sherehe ambayo malafyale aliyezeeka alitoa nchi kwa kizazi cha wanawe wakati bado anatazama.

Alifariki tarehe 8 Desemba 1997. (Vijana wasimchanganye na Kardinali Protase Rugambwa wa Tabora, aliyepewa ukardinali mwaka 2023.) Mwili wake ulizikwa kwanza Kashozi, misioni ya kwanza ya Bukoba, ukakaa huko hadi Oktoba 2012 ulipohamishiwa Kanisa Kuu la Bukoba.

Jambo moja ambalo mafrateri wameshalisikia mara nyingi pengine bila kulitilia maanani: katika Sala ya Ekaristi, Kanisa halisemi Mhashamu. Papa anatajwa kwa jina lake, askofu kwa jina lake la ubatizo, na marehemu vivyo hivyo. Padre akitoa Misa ya kumwombea, Ipinda au Roma, atamtaja kwa jina alilopewa pamoja na wazazi wake mwaka 1921. Atasema Laurean.