Charlie Chaplin kabla ya umaarufu: kijana wa Lambeth na njia yake ya sinema

Mwezi Mei mwaka 1903, mvulana wa miaka 14 alimshika mama yake mkono na kumsindikiza kwa miguu hadi hospitali ya Lambeth, kusini mwa London. Mama huyo alikuwa amerukwa na akili, tena, kama mwanawe alivyosimulia baadaye, njaa ilikuwa imemdhoofisha hata akawa anapepesuka njiani. Baba alikwishafariki miaka miwili kabla kwa sababu ya ulevi. Kaka mkubwa, Sydney, alikuwa baharini akifanya kazi melini. Mvulana alirudi peke yake chumbani.

Huyo ndiye Charles Spencer Chaplin, aliyezaliwa Aprili 16, 1889. Wazazi wake wote wawili walikuwa waimbaji wa majumba ya burudani, lakini sauti ya mama yake, Hannah, iliharibika mapema, na kazi ya kushona haikutosha kuwalisha watoto. Mwaka 1896 mama na wanawe waliingia katika nyumba ya maskini ya Lambeth, ambako ndugu hao walitenganishwa na mama yao, kisha wakapelekwa katika shule ya watoto mafukara huko Hanwell. Kabla hajatimiza miaka kumi, Charlie alikuwa akizunguka Uingereza na kikundi cha watoto waliocheza ngoma kwa viatu vya mbao.

Wiki chache tu baada ya siku ile ya hospitali, alipata nafasi katika mchezo wa kuigiza wa Sherlock Holmes, akiwa Billy, mtumishi mdogo wa mpelelezi huyo. Mshahara ulikuwa wa uhakika na magazeti yalimsifu. Hata hivyo, shule yake ya kweli ilikuwa kampuni ya vichekesho ya Fred Karno, aliyojiunga nayo mwaka 1908 kwa juhudi za Sydney. Karno, inasemekana, alimwona kijana mnyonge na mwenye haya kupita kiasi. Vichekesho vya Karno vilitegemea zaidi mwili kuliko maneno, na Chaplin alivuma kwa kuigiza mlevi wa kitajiri anayevuruga onyesho. Jambo hilo halikosi uchungu, kwani ulevi aliujua kutoka nyumbani kwao.

Karno alimpeleka Marekani mara mbili, mwaka 1910 na 1912. Katika safari hiyo ya pili kampuni ya filamu ya Keystone ilimpa mkataba wa dola 150 kwa wiki, naye akaanza kazi Los Angeles mwishoni mwa mwaka 1913.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Mkuu wa kampuni hiyo, Mack Sennett, alitaka mbio, mapigano na watu kuanguka, haraka haraka. Chaplin alikuwa amezoea kukitayarisha kichekesho polepole hadi mtazamaji amwelewe mhusika. Filamu yake ya kwanza ilitoka Februari 2, 1914, naye hakuridhika hata kidogo na jinsi ilivyokatwa. Siku tano baadaye watazamaji walimwona kwa mara ya kwanza katika vazi ambalo dunia ingelijua: suruali pana, koti la kubana, viatu vikubwa, kofia ndogo, bakora na masharubu mafupi. Filamu hiyo ilipigwa katika mashindano halisi ya magari ya watoto mjini Venice, California, na mzururaji huyo hafanyi lolote isipokuwa kujipitisha mbele ya kamera.

Aligombana na waongozaji waliopewa kumsimamia, akakaribia kufukuzwa. Kwa maelezo yake mwenyewe, aliweka rehani akiba yake ya dola 1,500 iwapo filamu ambayo angeiongoza isingefaa kuonyeshwa. Fedha hiyo haikuhitajika. Tangu katikati ya mwaka 1914 aliongoza karibu kila filamu fupi aliyoigiza. Mwaka 1915 alihamia Essanay kwa dola 1,250 kwa wiki, na mwaka 1916, akiwa na miaka 26, Mutual ilikubali kumlipa dola 670,000 kwa mwaka.

Fedha hizo zilimletea lawama. Vita Kuu vilikuwa vikiendelea, na Waingereza wenzake waliuliza kwa nini kijana mwenye afya anatajirika California huku rika lake likifa Ufaransa. Wako waliomtumia manyoya meupe, ishara ya woga. Shutuma hizo hazikuwa na uzito wote zilizopewa: alijiandikisha kwa ajili ya jeshi la Marekani bila kuitwa, na mwaka 1918 alizunguka nchini humo akihimiza ununuzi wa hati za mkopo wa vita.

Mwaka 1921 ilitoka filamu yake ndefu The Kid, hadithi ya mzururaji anayemlea mtoto aliyetupwa. Pale maofisa wanapokuja kumchukua mtoto huyo wampeleke katika nyumba ya yatima, kicheko hukoma. Aliyewahi kuikalia shule ya Hanwell hakuhitaji kuelezwa namna ya kuiigiza sehemu hiyo.

Mwaka huohuo yeye na Sydney walimleta mama yao California. Hannah aliwekwa katika nyumba karibu na bahari, akiwa na watu wa kumtunza, akaishi humo hadi alipofariki mwaka 1928.