Emma Willard: Mwalimu aliyenyimwa pesa na bunge, mji ukamjengea shule

Mwaka 1819 mwanamke wa miaka 32 alifika Albany, makao makuu ya jimbo la New York nchini Marekani, akitafuta kitu ambacho wabunge wengi walikiona kichekesho. Alitaka pesa za walipa kodi zisomeshe wasichana.

Jina lake Emma Willard. Bungeni asingeweza kusimama kuhutubia. Wakati huo mwanamke hata kura hakuwa nayo, seuze jukwaa. Kwa hiyo alionana na wabunge pembeni, nje ya vikao, akiwaeleza mpango wake wa elimu ya wanawake, ambao aliuchapisha kwa gharama yake mwenyewe.

Emma alizaliwa Berlin, Connecticut, mwaka 1787, mtoto wa 16 kati ya 17. Baba yake alikuwa mkulima, lakini mkulima wa vitabu. Jioni alimkalisha binti yake na kujadiliana naye kama mtu mzima. Bahati hiyo hawakuipata wasichana wengi. Kwao elimu ilikuwa kusoma Biblia, kushona, kupika, na kwa wenye uwezo kidogo, kuchora na kucheza dansi.

Lakini nchi ilikuwa imebadilika. Marekani ilijitangazia uhuru mwaka 1776, na sasa badala ya mfalme kulikuwa na wananchi wanaochagua viongozi. Swali likaja: nani atawalea wananchi hao wawe na akili ya kujitawala? Jibu lilikuwa mama. Mwaka uleule Emma alipozaliwa, daktari maarufu Benjamin Rush alihutubia shule ya wasichana mjini Philadelphia akitetea hoja hiyohiyo: mama asiyesoma atafundisha nini watoto wa jamhuri?

Emma alianza kufundisha akiwa na miaka 17. Mwaka 1809 aliolewa na daktari John Willard wa Middlebury, Vermont, mwanaume aliyemzidi miaka 28 na aliyekuwa na watoto wanne. Alipaswa kutulia nyumbani, na kwa muda alitulia.

Kilichomwamsha ni vitabu vya mpwa wa mumewe. Kijana huyo aliishi kwao akisoma Chuo cha Middlebury, jirani tu na nyumba yao, na Emma akawa anavipitia vitabu vyake, jiometri ikiwemo. Kumbe mambo waliyoambiwa wanawake kwamba hawayawezi aliyaelewa vizuri tu. Aliomba kuhudhuria mitihani ya chuo ili aone wanafunzi wanavyopimwa. Akakataliwa.

Halafu mumewe akapata hasara kubwa ya pesa. Mwaka 1814 Emma alifungua shule ya bweni ndani ya nyumba yao ili familia ipate kula. Hapo ndipo alipoanza kuwafundisha wasichana masomo ya wavulana, na mpango wa Albany ukazaliwa.

Mpango wenyewe ulikuwa wa kijanja. Hakudai wanawake wawe mawakili wala wanasiasa. Aliwaambia wanaume kile ambacho tayari walikuwa wanakisema wao wenyewe, kwamba mama ndiye mwalimu wa kwanza wa taifa, kisha akawapelekea bili.

Gavana DeWitt Clinton alimuunga mkono. Bunge likatoa kibali cha shule katika mji wa Waterford. Pesa? Hakuna.

Mwokozi wake alitoka kwingine. Mwaka 1821 baraza la mji wa Troy, uliokuwa ukikua kwa viwanda na biashara, liliamua kukusanya kodi ya dola 4,000 kwa ajili ya shule yake. Septemba mwaka huohuo Troy Female Seminary ikafunguliwa. Wasichana walisoma hisabati, historia, jiografia na sayansi. Asiye na ada alikopeshwa, akalipa baadaye kwa mshahara wa ualimu. Hilo ndilo jambo kubwa zaidi alilofanya, kuliko hata waraka wake, maana walimu hao walitawanyika nchini wakafungua shule nyingine.

Mumewe alifariki mwaka 1825, Emma akabaki na usukani peke yake. Vitabu vyake vya jiografia na historia viliuzwa sana na kumpa kipato chake mwenyewe. Mwaka 1838 aliwaachia shule mwanawe na mkewe, akaolewa tena. Ndoa hiyo ilikuwa balaa. Aliondoka kabla ya mwaka kuisha, na talaka akaipata mwaka 1843.

Hoja yake ilikuwa na mpaka. Mwanamke alisomeshwa kwa faida ya watoto wake na taifa, si kwa ajili yake mwenyewe, na Emma hakuwahi kuongoza harakati za kudai kura. Lakini mwanafunzi mmoja wa Troy, Elizabeth Cady, hakuishia hapo. Mwaka 1848, akijulikana kwa jina la ndoa la Stanton, alikuwa miongoni mwa walioitisha mkutano wa Seneca Falls, ambako wanawake walidai haki ya kura hadharani.

Emma Willard alifariki Troy mwezi Aprili 1870, akiwa na miaka 83. Mwaka 1895 shule ilipewa jina lake. Ipo mpaka leo mjini humo, na bado ni ya wasichana.