Sinema: Oscar Micheaux, mtengeneza filamu aliyefunikwa na jina la Paul Robeson

Wengi wanaoitafuta leo filamu ya Body and Soul wanaitafuta kwa sababu ya mtu mmoja: Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji Mweusi wa Marekani, ambaye alionekana kwenye sinema kwa mara ya kwanza katika filamu hiyo ya mwaka 1925. Lakini aliyeiandika, akaiongoza, akaitafutia pesa na kuitembeza mji kwa mji ni Oscar Micheaux. Filamu hiyo ndogo ina nguvu zake yenyewe, na nguvu hizo zimetoka katika maisha yake.

Shamba, ndoa na kitabu

Micheaux alizaliwa tarehe 2 Januari 1884 karibu na mji mdogo wa Metropolis, katika jimbo la Illinois. Baba yake alikuwa amezaliwa utumwani. Akiwa kijana alikwenda Chicago, kisha akapata kazi ya kuhudumia abiria katika treni za kampuni ya Pullman. Kazi hiyo ilimzungusha sehemu nyingi za nchi, naye akaweka akiba kidogo kidogo. Mwaka 1905 alinunua shamba South Dakota, mahali ambapo karibu majirani wake wote walikuwa Wazungu.

Mwaka 1910 alioa binti wa mchungaji wa Chicago, lakini ndoa hiyo haikudumu. Katika vitabu vyake Micheaux alimtupia lawama baba mkwe wake, kwamba ndiye aliyeivunja nyumba yake. Ukame nao ulikuja kuharibu mashamba ya eneo lile. Katika taabu hizo ndipo alipoanza kuandika. Kitabu chake cha kwanza, The Conquest, kilitoka mwaka 1913, naye akakiuza mwenyewe nyumba kwa nyumba, hata kwa wakulima Wazungu waliokuwa majirani zake.

Kitabu kingine, The Homesteader, kilifuata mwaka 1917. Kampuni ya filamu ya Weusi iliyoitwa Lincoln ilitaka kukigeuza filamu. Micheaux alikubali kwa sharti moja: aongoze mwenyewe kazi hiyo. Hawakusikilizana. Basi akaanzisha kampuni yake, akauza hisa kwa watu aliowajua, na mwaka 1919 filamu ikatoka.

Kutengeneza sinema bila pesa

Wakati huo, kumbi nyingi za Marekani ziliwakataza Weusi kuingia, au ziliwaweka pembeni. Filamu za makampuni makubwa ziliwaonyesha kama wajinga au wahalifu. Micheaux alitengeneza filamu kwa ajili ya kumbi za Weusi, na wahusika wake walikuwa wakulima, walimu, wanasheria, walevi, matapeli na wachungaji. Mwaka 1920, katika Within Our Gates, alionyesha wazi jinsi makundi ya Wazungu yalivyokuwa yakiwanyonga Weusi bila hukumu.

Alifanya kazi kama mchuuzi. Alibeba filamu aliyokwisha kumaliza pamoja na picha za waigizaji wa filamu itakayofuata, akawaonyesha wenye kumbi, akapokea malipo ya mbele, na kwa pesa hiyo akaanza kazi mpya. Aliazima nyumba za watu ili apige picha ndani yake. Mara nyingi mwigizaji alicheza tukio mara moja tu, kwa sababu kurudia kulikula pesa.

Mwaka 1924 alimwendea Robeson. Kijana huyo wa miaka 26 alikuwa amemaliza masomo ya sheria katika chuo kikuu cha Columbia, na sifa zake zilikuwa zimeanza kusikika katika michezo ya jukwaani New York. Micheaux alimwahidi dola 100 kwa wiki na sehemu ndogo ya mapato.

Mchungaji wa uongo

Robeson anacheza watu wawili. Wa kwanza ni mfungwa aliyetoroka na kujifanya mchungaji Jenkins katika mji mdogo wa jimbo la Georgia. Wa pili ni ndugu yake Sylvester, mtu mpole anayempenda msichana Isabelle. Watazamaji wengi wanaishia hapo, kumwangalia Robeson. Lakini moyo wa filamu ni mama wa Isabelle, Martha Jane, anayechezwa na Mercedes Gilbert.

Mama huyo ameweka akiba ndani ya Biblia, pesa ya jasho la kupiga pasi na kuchuma pamba. Anamheshimu sana mchungaji, na anataka binti yake aolewe naye. Pesa inapopotea na Isabelle kukimbilia Atlanta, mama anaamini kwamba mwizi ni binti yake. Micheaux anamwacha mtazamaji aamini kama mama anavyoamini. Ukweli unatoka baadaye, mama anapomkuta binti yake Atlanta akiwa dhaifu na mwenye njaa. Hapo ndipo filamu inaporudi nyuma na kuonyesha kwamba mchungaji ndiye aliyembaka msichana huyo na kumlazimisha kutoa pesa.

Tukio la ubakaji lenyewe haliko kwenye picha. Usiku wa mvua, katika kibanda, tunaona viatu tu vikitembea polepole kuelekea chumba alimolala msichana. Micheaux hakuwa na vifaa vya kampuni kubwa, lakini viatu hivyo vinatisha kuliko pigano lolote la sinema.

Isabelle anakufa, na mama anarudi. Anaingia kanisani wakati Jenkins anahubiri juu ya bonde la mifupa mikavu, na anamfichua mbele ya waumini. Wale waliokuwa wakiruka kwa furaha wanageuka kumwinda. Usiku Jenkins anakwenda kupiga magoti mbele ya mama yule yule, naye anamsamehe na kumwacha aende. Njiani anaua tena. Mwishoni mama anaamka: ilikuwa ndoto. Binti yake yuko hai, na sasa anakubali aolewe na Sylvester.

Makasi ya wakaguzi

Wakaguzi wa filamu wa New York waliikataa kwa kumwonyesha mtumishi wa Mungu kuwa mhalifu. Micheaux alilazimika kuikata, kutoka mizunguko tisa hadi mitano. Ndiyo sababu katika sehemu nyingine hadithi inaruka, na baadhi ya watazamaji wakadhani kwamba mwongozaji hakujua kazi.

Robeson aliendelea mbele. Sauti yake, ambayo haisikiki katika filamu hii isiyo na sauti, ilimpeleka London na dunia nzima. Mwaka 1934, akiwa London, alijifunza Kiswahili pamoja na lugha nyingine za Afrika. Micheaux naye alifilisika mwaka 1928, akainuka tena, na mwaka 1931 akatoa The Exile, filamu yake ya kwanza yenye sauti. Filamu yake ya mwisho, The Betrayal, ilitoka mwaka 1948 na haikufaulu. Alifariki tarehe 25 Machi 1951 katika mji wa Charlotte, akiwa njiani kwa kazi. Alizikwa Great Bend, Kansas.

Alikuwa ametengeneza filamu zaidi ya 40. Kati ya zile zisizo na sauti, ni tatu tu zinazojulikana kubaki karibu nzima: moja ilipatikana Uhispania, nyingine Ubelgiji, na ya tatu ni Body and Soul. Mwaka 2019 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiweka kwenye orodha ya filamu za taifa zinazopaswa kuhifadhiwa.

Anayeitazama leo atamwona Robeson kwanza, na hilo halina ubaya. Lakini amtazame pia mama Martha Jane na Biblia yake yenye pesa. Hapo ndipo Micheaux alipoweka yale aliyojifunza maishani: jasho la maskini, na uchungu wa kumwamini mtu asiyestahili.